Vidole Vinne Nje ya Alama

Kuku mia nne wakinyamaza kwa mpigo mmoja, usiulize kuna nini, toka mbio. Hivyo ndivyo angefanya mtu yeyote mwenye akili zake. Lakini Kifaranga hakutoka. Alisimama kwenye mlango wa nyuma wa banda, mabuti miguuni, ndoo ya maji mkononi, akatazama.

Ilikuwa saa moja asubuhi, jua limeshaanza kupenya kwenye wavu. Kuku wote walikuwa wamegeuza vichwa kuelekea mlango wa mbele, nao ulikuwa umefungwa kwa komeo tangu jana yake. Wakatulia hivyo. Kisha wale wa mbele wakajitenga, hawa kushoto, wale kulia, ikabaki njia juu ya maranda, upana wa mtu mmoja mwenye mwili kidogo. Njia ile ikaanza kusogea. Ikaenda kwenye chombo cha maji cha kona ya kushoto, ikasimama. Ikaenda cha pili. Ikaizunguka nguzo. Ikafika kwa Shangazi, kuku mzee mwenye jicho moja, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo la banda zima asilolichungulia. Pale njia ikakaa sana. Shangazi akainua shingo na kulifumba jicho lake, vile afanyavyo kuku akikunwa kichwani.

Ndiyo njia aliyoipita Bi Mkubwa kila asubuhi kwa miaka arobaini na miwili. Na Bi Mkubwa alikuwa kaburini wiki ya sita sasa.

"Mama?" Kifaranga akaita, sauti nyembamba hata yeye mwenyewe hakuijua.

Kelele zikarudi mara moja, kama mtu aliyefungulia redio. Kuku wakaparura maranda, wakapigana vikumbo, wakasahau. Kifaranga akagundua kwamba maji ya ndoo yote yamemwagikia ndani ya buti lake la kushoto.

Msione jina hilo mkadhani ni mtoto. Kifaranga alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kilo tisini na chenji, fundi cherehani wa kuheshimika ambaye wateja walimngoja hata wiki mbili bila kununa. Jina alilipata kwa kuzaliwa kabla ya siku zake. Mamake alimlaza kwenye boksi, akaliweka chini ya balbu ya kulelea vifaranga, hao vifaranga wakiwa boksi la pili. Wakakua pamoja. Wenzake waliishia sufuriani na yeye akaishia kubeba jina lao, na Bi Mkubwa hakuchoka kumtania nalo hata mbele ya wakwe.

Sasa alikuwa ameifunika cherehani yake kwa shuka na kuja kuishi bandani, kisa neno moja. Kule hospitali, siku ya mwisho, Bi Mkubwa alimshika mkono akamwambia, "Chachu isife." Kifaranga akaitikia, "Haifi, mama." Basi. Hakukuwa na wosia mwingine, si wa nyumba wala wa shamba. Ndiyo maana kila alfajiri alipoamka, kitu cha kwanza alichojiuliza kilikuwa hicho: je, imeamka nayo?

Chachu yenyewe ilikaa stoo, pembeni ya magunia ya chakula, ndani ya ndoo ya bluu ya lita ishirini yenye mfuniko. Pumba, molasi, maziwa mgando, na kitu kimoja ambacho Bi Mkubwa hakukificha ila wageni walitamani angekificha: kamasi ya utumbo wa kuku wake mzima kuliko wote, aliyemchinja mwaka ule alioanza. Tangu hapo ndoo haikuwahi kubaki tupu. Alichota, akajazia, akachota, akajazia. Kikombe kimoja kwa kila chombo cha maji. Wenzake walijaza mashelfu dawa za antibiotiki, wakiwanywesha kuku wazima ili wasiugue. Yeye hakununua hata paketi moja.

Bwana mifugo, mzee mwenye pikipiki kuukuu na adabu nyingi, aliwahi kubeba kichupa cha chachu ile hadi maabara. Akarudi amejawa na furaha. "Ni bakteria rafiki, Bi Mkubwa! Utumbo wa kuku ni kama benchi la zahanati. Hawa wako wakishakaa, hawanyanyuki. Wabaya wakija hawana pa kukalia, wanatoka walivyoingia. Kitaalamu tunaita probiotiki."

"Iteni mnavyotaka," Bi Mkubwa akamjibu. "Mimi naita chachu."

Alikuwa na masharti mawili, na hayo hakuyajadili na mtu. La kwanza, kabla ya kufungua mfuniko unabisha mara tatu, kwa sababu, alisema, hata wewe hupendi kufunguliwa mlango ghafla. La pili, unakoroga kwa mkono mtupu, hadi kiwiko. Si kwa mwiko, si kwa mti. Mikono yake ilinukia chachu saa zote, harufu ya uchachu na utamu, na kwa mikono hiyohiyo ndiyo alimnawisha Kifaranga utotoni kila aliporudi kucheza: kidole gumba kwanza, akikisugua mbele na nyuma, kisha cha pili, cha tatu, hadi kidole kidogo, ambacho alikivuta kidogo na kusema, "Haya, nenda." Bila kuvutwa kidole kile, mtoto alikuwa haondoki. Angesimama hapo hadi kesho.

Na alikuwa mtu wa kuandika. Kwa penseli, popote. Kwenye gunia: *Jumanne pumba.* Kwenye ukuta wa stoo: *Bawaba mlango wa nyuma.* Juu ya boksi la mayai: *Nisimchinje Shangazi.* Kifaranga alipohamia alizikuta karatasi na kuta zikimsemesha, akashindwa kuzifuta.

Sasa hiyo ndoo. Ilikaa mahali pamoja miaka yote, hata ikachora duara kwenye sementi, duara jeusi, zuri, utadhani limechorwa kwa bikari. Wiki ya pili baada ya msiba, Kifaranga aliikuta ndoo imetoka nje ya duara. Vidole vinne. Akairudisha. Kesho yake, vidole vinne tena, upande uleule. Akajiambia ni panya. Panya gani huyo anayesukuma lita ishirini? Akajiambia basi sakafu imeinama. Akaweka yai sakafuni apime. Yai likabingirika, tena kwa kasi, kwenda upande wa pili kabisa.

Tena ndoo ikawa inabisha. Akiwa anapima chakula, mgongo ameipa ndoo, atasikia mfuniko: ko, ko, ko. Akigeuka, kimya.

"Gesi hiyo," bwana mifugo alimwambia. "Chachu inapumua, binti yangu. Gesi ikijaa inainua mfuniko."

"Mara tatu tatu, mzee?"

"Hiyo hesabu ni yako wewe." Akacheka, lakini Kifaranga aliona kwamba alipopita karibu na ndoo alivua kofia.

Sasa mnauliza, mwanamke huyu anaogopa nini, si ni mamake? Mtu hamwogopi mamake hivihivi. Kifaranga alikuwa na jambo.

Mwezi wa tatu, mwaka huohuo wa msiba, Bi Mkubwa alikwenda kumuuguza mdogo wake, akamwachia bintiye banda kwa wiki moja. Siku ya pili kuku wakaanza kukohoa. Kumpigia mama, simu haipatikani. Kifaranga, roho mkononi, akakimbilia dukani kwa Sindano. Huyo Sindano ni muuza dawa za mifugo, mwembamba, mrefu, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Akampa paketi tatu nyekundu za antibiotiki ya unga. "Siku tano, dada, usikatishe." Kifaranga akarudi, akawaza: kuku hawa wamezoea maji yenye chachu, maji matupu watayasusa. Akafanya ambalo hakuna mfugaji mwingine duniani angeweza kulifanya, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye ndoo hiyo. Akaumimina unga wote ndani ya chachu, akakoroga, akawanywesha.

Siku ya tatu kikohozi kilikata, na Bi Mkubwa akatuma salamu kwamba anarudi kesho. Kifaranga akakatisha dozi. Akafungua ndoo. Hakuna povu, hakuna harufu, hakuna lolote. Maji ya kahawia, yamelala kama maiti. Loo! Akamwaga, akasugua, akatengeneza nyingine ya kubahatisha kwa pumba na maziwa. Paketi tupu akazifukia ndani kabisa ya maranda, kona ya giza.

Bi Mkubwa akaingia, akabisha mara tatu, akafungua, akanusa. Mama akasema tu, "Imelala kidogo. Nitaiamsha." Akatoa, hakuna aliyejua wapi, chupa yake ya chachu ya akiba, akaimimina yote, akazamisha mkono. Wiki tatu alikuwa akizamisha mkono asubuhi na jioni, hadi ikaamka. Hakuuliza swali hata moja.

Miezi michache baadaye wavu wa banda ukamchana Bi Mkubwa mkono wa kushoto. Kidonda kidogo cha kuweka plasta. Kikavimba, kikaoza, homa ikapanda. Hospitali wakampa dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zikagonga mwamba. Daktari akasema vijidudu vile ni sugu, vimeshazizoea dawa. "Nyumbani mnafuga? Huwa mnawapa mifugo antibiotiki?"

"Hapana," Kifaranga akasema, haraka mno.

Bi Mkubwa akageuza kichwa juu ya mto, akamtazama bintiye. Muda mrefu. Kisha akamwambia daktari, "Sisi kuku wetu hawanywi dawa."

Daktari akasema basi, vijidudu hivyo vinaweza kutoka popote. Na Kifaranga akabaki na jambo hilo kifuani kama mwiba wa samaki, halishuki, halipandi: mama amekufa akimwamini. Ndiyo maana hakuweza kuzamisha mkono ndani ya ndoo. Alikoroga kwa mti, mikono ndani ya glavu za mpira, uso ameugeuzia ukutani. Wala hakubisha. Angebishaje hodi kwa mtu aliyemdanganya?

Siku iliyofuata ile ya njia kufunguka, kuku watatu walikutwa wamekufa. Kesho yake watano. Walikohoa, mbawa zikalegea, wakaharisha kijani. Na haki ya Mungu, wote walilala kandokando ya ile njia, miguu imeielekea, kama watu waliopanga foleni ya kumuaga mtu.

Bwana mifugo alifika, akawatazama, akachukua mizoga miwili kwenye mfuko. "Majibu ya maabara siku tatu. Wagonjwa watenge. Osha vyombo vyote, badilisha maranda. Wazima waendelee na chachu."

"Itawaponya?"

"Sikudanganyi. Chachu ni mlinzi wa mlangoni. Mwizi akishaingia chumbani, mlinzi hana la kufanya. Lakini wale ambao bado, itawashikia mlango. Ila nakuomba, usiwape dawa ya kubahatisha. Dawa haichagui, itafagia benchi zima, mwema na mbaya. Na kama mbaya ni sugu, atabaki peke yake, anyooshe miguu."

Akaosha, akatenga, akabadilisha. Siku ya tatu wakafa tisa. Kifaranga akakaa juu ya ndoo nyingine iliyogeuzwa, akalia kwa sauti, mtu mzima. Aliwaona wote wameisha, na chachu imeisha kwa kukosa wa kuinywa, na ahadi imeisha. Akainuka, akajifuta, akaenda kwa Sindano.

"Dada yangu!" Sindano akashusha paketi nyekundu kutoka shelfu kabla hata hajaambiwa shida. "Nimesikia. Zilezile za mwezi wa tatu, siyo? Si zilikusaidia? Kichwa changu hiki hakisahau mteja."

Kifaranga alihisi duka zima limemgeukia, ingawa dukani walikuwa wawili tu. Akazitia paketi mfukoni, akatoka bila kuaga.

Alipofika ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, banda kimya. Akili yake aliipanga njiani: hatagusa chachu. Ataimwaga ile ya kwenye vyombo, ataweka maji na unga, siku tano kamili safari hii. Akasukuma mlango wa stoo. Haukufunguka. Akasukuma kwa bega, ukafunguka kidogo, akachungulia.

Ndoo ya bluu ilikuwa nyuma ya mlango.

Si vidole vinne. Ilikuwa imekatiza stoo nzima, hatua saba, ikapita magunia, ikaja kukaa katikati ya njia. Nyuma yake, kwenye vumbi la pumba, kulikuwa na mkwaruzo mmoja ulionyooka. Hapakuwa na alama ya mguu wa mtu, wala wa panya, wala wa yeyote.

Nywele zilimsimama. Lakini kuna woga ukishafika juu kabisa unageuka hasira, na Kifaranga alijipenyeza ndani na kuikemea ndoo, tena kwa kidole. "Unataka nini? Eh? Kila siku unanibishia, kila siku unanitolea njia bandani! Ndiyo, ni mimi! Niliwapa dawa! Niliimwaga humuhumu, nikaua chachu yako, nikaficha! Na pengine nimekuua na wewe! Umefurahi sasa? Nimesema!"

Mfuniko ukabisha. Ko, ko, ko.

Macho yake yakafuata mkwaruzo ule, kutoka kwenye ndoo, kurudi nyuma, hadi kwenye duara jeusi. Wiki zote hizo alikuwa akiitazama ndoo imesogea na kukimbilia kuirudisha. Hakuwahi hata mara moja kutazama ilikotoka. Katikati ya duara kulikuwa na tofali moja lisilo na sementi.

Akapiga magoti, akaling'oa kwa kucha. Chini palikuwa na kishimo chenye ubaridi, ukubwa wa chupa. Ndipo ilipokaa ile chupa ya akiba. Sasa pale kulikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa vizuri. Akaufungua.

Paketi tatu nyekundu. Tupu. Zimeoshwa, zikakaushwa, zikanyooshwa kama mtu anyooshavyo noti iliyolowa. Nyuma ya moja kulikuwa na maandishi ya penseli, ule mwandiko wa ukutani, wa magunia, ule wa mtu anayejikumbusha mwenyewe:

*Kifaranga aliogopa tu. Nisimuulize.*

Alisoma, akasoma tena. Mbu mmoja alikuwa anamng'ata shingoni na hakumfukuza.

Alijua. Tangu siku ile ya kunusa, mama alijua. Aliposema imelala kidogo, alijua. Wiki tatu za kuzamisha mkono, alikuwa anasafisha kosa la mwanawe na hakuna aliyemwona. Na pale kitandani, mkono umeoza, macho kwenye macho, alimsikia bintiye akimdanganya daktari, naye akaubeba uongo ule, akausema kwa mdomo wake, ili mtoto asibaki nao peke yake. Jamani, mama! Kifaranga aliweka paketi kwenye paji la uso, akalia kilio ambacho hakulia hata kaburini.

Alipomaliza, alivua glavu. Akabisha kwenye mfuniko, mara tatu.

"Hodi, mama."

Akafungua. Povu lilikuwa limejaa hadi juu, linacheka kwa vipovu vidogo. Akazamisha mkono wa kulia, hadi kiwiko. Ndani kulikuwa na joto, joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Akaanza kukoroga taratibu, na mkono ukashikwa.

Hakupiga kelele. Nani apige kelele akinawishwa mikono na mamake? Kidole gumba kikasuguliwa mbele na nyuma. Kikafuata cha pili. Cha tatu, pale penye sugu ya sindano ya cherehani, pakasuguliwa zaidi kidogo, kwa upole. Cha nne. Kifaranga alikuwa amefumba macho, anamwomba Mungu kidole cha mwisho kisifike. Kikafika. Kikavutwa kidogo.

Hakuna aliyesema "Haya, nenda." Lakini yeye alisikia.

Jioni ileile alizirudisha paketi dukani. Sindano akatoa macho. "Kuku wakiisha usije ukanilaumu, dada." Akamjibu, "Sitakulaumu. Hata zile za mwezi wa tatu sikupaswa kukulaumu." Halafu akamweleza bwana mifugo kila kitu, toka chachu hadi daktari, bila kubakisha.

Mzee aliiweka kofia mapajani. "Inawezekana ni wale vijidudu. Inawezekana ni wengine kabisa. Hilo, binti yangu, hata maabara haitakwambia." Kisha akatoa karatasi ya majibu. Vijidudu vilivyowaua kuku havisikii kabisa unga ule mwekundu. Angewapa, angefagia benchi tu.

Wakafa kumi na mmoja. Wakafa sita. Wakafa wanne. Akafa mmoja. Siku iliyofuata hakufa kuku. Walibaki mia tatu sitini na mmoja, Shangazi akiwemo, ameshaanza tena umbea wake. Bwana mifugo hakutia chumvi: waliougua sana walikwenda, waliobaki waliokolewa na usafi, kutengwa mapema, na kile kikombe cha kila asubuhi. Kifaranga aliitikia kwa kichwa. Alikubali yote.

Ila asubuhi ile ya kwanza bila kifo, saa moja, alisimama mlango wa nyuma akasubiri. Kuku hawakunyamaza. Waliparura, waligombana, hakuna aliyegeukia mlango wa mbele. Akaenda stoo. Ndoo ilikuwa ndani ya duara lake, sawasawa, kama imechongwa pale.

Na kesho yake hivyohivyo. Na kesho kutwa.

Ni mwaka wa pili sasa. Cherehani ameihamishia chumba cha mbele, wateja wanamfuata hukohuko na kulalamikia harufu. Chachu haijafa. Kila asubuhi anabisha mara tatu, anazamisha mkono hadi kiwiko, anaanzia kidole gumba, na kidole kidogo anajivuta mwenyewe. Na kila jioni, kabla ya kufunga stoo, hutazama nyuma kama kuna mtu anamwona, kisha huishika ndoo kwa mikono miwili na kuisogeza vidole vinne nje ya alama, akafunga mlango, akaenda kulala.

Asubuhi huikuta palepale alipoiacha.